Nyumba ya Dada Uani

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Sisemi hivyo kumpamba mtu. Fito ni zake, mikeka kaisuka yeye, na siku ya kuhama ni yeye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Mume akizidisha maneno, mke hufungasha nyumba nzima akamwacha mzee kakaa juani kama sufuria iliyosahaulika. Shangazi yangu aliwahi kufanya hivyo. Nilicheka mpaka nikachapwa.

Dada yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Tena alikuwa akiingia Garissa peke yake na punda, anauza maziwa, anabishana na soko zima, anarudi akiimba. Halafu akaolewa na mwenye duka mjini, bwana wa nyumba ya ukuta na paa la mabati. Mama alimpa nyumba yake ya arusi kama desturi, fito na mikeka mipya. Shemeji akazirundika nyuma ya ghala.

"Nyumba si ipo?" alisema.

Mimi nililetwa kukaa kwao nipate kusoma. Vita vya serikali na wapiganaji wa porini vilikuwa vimeshaanza, na jua likizama hakuna kutoka hadi alfajiri. Shemeji aliipenda kafyu kuliko walioitangaza. Dada asiende sokoni: askari. Asiende kumwona mama: askari. Asitoke hata kwa jirani saa sita mchana: askari.

"Lakini shemeji," nikamwambia tukila, "asubuhi hata serikali hufungua njia."

"Mdomo huo utakukosesha mume."

"Inshallah."

Dada alificha kicheko ndani ya ushungi. Nilikuwa nikikitafuta kicheko hicho kila siku, maana kilikuwa kinaadimika.

Jumamosi moja, shemeji akiwa dukani, dada alizitoa fito zake. Akazipinda, akazifunga, akatandaza mikeka juu, mikono ikienda yenyewe. Nilipotaka kusaidia alinifukuza. Mara nyumba ikasimama katikati ya ua, duara, nzuri. Akaingia, akaniita kwa sauti yake ya zamani:

"Karibu kwangu! Vua viatu, mchafu wewe."

Tukalala chali tukitazama vitone vya mwanga. Akanieleza mama atakuwa kisima gani majira haya, na ngamia yupi atakuwa anamsumbua. Alisema angalau hapa atakuwa anakaa mchana, basi, hataki kingine.

Shemeji akaja kunywa chai. Hakupiga kelele. Hapigi kelele kamwe, ndiyo shida yake. Aliinama mlangoni.

"Unataka askari waseme tumeficha watu wa porini? Waje wachome, waanze na huyu mdogo wako?"

Wote wawili wakanitazama. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaanza kuvaa viatu.

"Ibomoe. Fito zipeleke jikoni, kuni zimekwisha."

Akaingia nyumba ya ukuta kungoja chai yake.

Dada aliibomoa polepole. Hakuzipeleka fito jikoni mara moja. Alikunja mikeka, akapanga fito pande mbili, akakaza kamba kama mtu anayepakia ngamia. Nikajaribu mzaha:

"Abaayo, dada yangu, tunahamia wapi?"

Hakucheka. Aliinua uso akavuta pumzi.

"Upande wa mama kumenyesha. Unasikia harufu?"

Nilisikia mafuta ya taa ya dukani tu. Nikamwambia nasikia.