Kwaya Iliyonyamaza Kila Nilipotoka

Nilikaa Bwera, mji wa mpakani, wiki tatu kwa sababu ya kwaya ambayo sikuwahi kuiona. Mama mmoja kutoka Butembo, mwenye hoteli ndogo ya chakula karibu na forodha ya Mpondwe, alikuwa amevuka mpaka akikimbia vita, na nyimbo za kwaya ya parokia yao ndani ya flashi. Yeye mwenyewe aliimba humo, sauti ya pili. Wenzake wengi hakujua waliko. Alitaka nyimbo zilie hotelini kutwa, ili mtu wa kule akipita barabarani azitambue na kuingia.

Nilimpa kompyuta yangu kuukuu, nikaiwekea mfumo mwepesi wa Linux kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umeilemea. Juu yake nikaweka programu ya muziki iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, ambayo nimehama nayo tangu nilipokuwa na chumba Bulembia. Nikaingia kwa jina langu, nikaiwasha, kwaya ikaanza. Wapagazi waliokuwa wakinywa chai wakageuza vichwa.

Nilipotoka kwenye akaunti yangu ili niende zangu Kasese, kwaya ikakatika katikati ya neno. Nikaingia tena, ikaimba. Nikatoka, kimya.

"Fundi, weye unatoka, kwaya inanyamaza," mama akasema. "Ni weye unaimbaka?"

Wapagazi walicheka, na mmoja akashauri nitafutiwe kitanda hapohapo.

Nikamweleza mama kwamba programu iliyowashwa na mtu huzimika mtu huyo akitoka. Dawa yake ni kuifanya huduma, yaani kazi ya chinichini inayoanza yenyewe umeme ukirudi, bila mtu kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Nikaandika faili fupi, nikaukabidhi mfumo wenyewe kazi hiyo. Asubuhi kumbukumbu za mashine zilionyesha wimbo baada ya wimbo, lakini spika hazikutoa kitu. Siku mbili nilikagua nyaya. Kosa halikuwa huko. Katika mashine ile sauti ilipewa mtu aliyeingia kwa jina lake, na huduma yangu haikuwa mtu.

Mwishowe nikaipata amri inayoiambia mashine: huyu hata akiondoka, mhesabu kama yupo, kazi zake ziendelee. Nikaiandika kwa jina langu, nikairudisha huduma kwenye akaunti yangu, nikatoka. Kwaya ikaendelea. Nikazima umeme ukutani na kuuwasha tena. Baada ya dakika moja ikaanza yenyewe.

Nakiri nilifurahi kupita kiasi. Nimepanga vyumba vingi, Kasese, Bulembia, Nyakiyumbu, na kila nilipohama nilikuta baadaye hakuna anayenikumbuka ila mwenye duka la jirani. Sasa palikuwa na mahali ambapo ningehesabiwa nipo. Nikamweleza mama jambo hilo nikijisifu kidogo.

Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaitazama mashine.

"Weye utakuwa Kasese, na mashini itasema uko hapa? Hapana, fundi. Mutu akiingia kuuliza hii kwaya ni ya nani, ni miye ataona. Andika miye."

Nilianza kumwambia kwamba ni jina tu, halibadilishi kitu. Sikumaliza. Nikamfungulia akaunti yake. Aliandika nywila kwa kidole kimoja, akaniamuru nigeuze uso. Nikahamisha huduma, nikairudia ile amri kwa jina lake, nikajaribu mara tatu, zote zikakubali. Kisha nikaifuta akaunti yangu.

Nilifungasha kioo na kibodi, kwa kuwa havikuhitajika tena, nikavuka barabara kusubiri gari la Kasese. Mwanamke mwenye furushi kichwani alipunguza mwendo mbele ya hoteli, akasikiliza kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Mama alikuwa ameshatoka mlangoni kumtazama.