Vibua wa Bi Tabu

Enzi za Mwingereza, hapakuwa na mchomaji wa vibua pale Buguruni kama Bi Tabu binti Marijani. Aliwachoma na matumbo yao, mafuta yakichuruzika, na watu wakawagombania.

Asubuhi moja alikwenda Kunduchi kununua samaki, akawakuta wavuvi wanampasua pomboo aliyekufa ufukweni, wapate chambo cha papa. Tumboni mwake mlikuwa na vibua walewale anaowauza yeye, wamesagika nusu, na minyoo myeupe imewajaa matumboni. Minyoo kama hiyo ilikuwa imeng'ang'ania tumbo la pomboo mwenyewe. Macho yalimtoka pima.

Tangu siku ile akawa anampasua kila kibua na kuyatupa matumbo motoni. Aliwasimulia wateja habari za yule pomboo, lakini wakanuna, wengine wakahamia kwa jirani. Bi Tabu hakubanduka. Mwishowe mama mkwe wake, Bi Hamisa, aliyependa matumbo kuliko minofu, akamjia juu mbele ya watu: "We Tabu, hao pomboo wanameza samaki wazima tangu dunia iumbwe!"

"Sikatai, mama," akamjibu kavukavu, mkono haujasimama. "Lakini pomboo hana kisu. Mie ninacho."