Mwalimu wa Ukili

Mwalimu wa kikundi cha wazee wasukaji cha Jang'ombe hagusi kazi ya mtu. Kila Jumatano hukaa mkekani, miguu kainyoosha, ukili wake, ule utepe wa miyaa ya mkindu iliyosukwa, kaubana kwa kidole gumba cha mguu, na akimwona mwenzake kakosea humwelekeza kwa kidevu na maneno tu. "Fumua, bibi wee! Kawa hilo litafunika chakula au litawaita nzi?" Sauti yake ni kavu, vidole vyake vina madoa ya rangi ya miyaa, na wazee wenye wajukuu chungu nzima humtii kama watoto wa chuo cha Kurani.

Jumatano hii Bi Kazija alikuja kuaga. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kushoto haukazi tena miyaa, na aliona afadhali akae nyumbani kuliko kutazamwa. Mwalimu alimsikiliza bila kumpa pole. Kisha akauweka chini ukili wake, akajisogeza hadi mabega yao yakagusana, akaingiza mkono wake wa kushoto katika kazi ya Bi Kazija. "Wa kulia wako, wa kushoto wangu. Haya, tusuke." Walianza kwa kugongana vidole. Mwalimu akavuta mno, ukili ukapinda, na Bi Kazija akasahau kilichomleta. "Taratibu, mwalimu! Mkono wako mzima mzito kuliko wangu mgonjwa!" Mwalimu akalegeza, kichwa kakiinamisha. Walipofika shubiri tatu, Bi Kazija aliukunja ukili, akautia kikapuni mwake. "Na Jumatano usichelewe," alimwambia. "Kawa letu halijafika hata nusu."