Nyekundu au Kijani

Wiki ya kwanza ya ndoa, nahodha alimnunulia mkewe gauni, akamwambia ni jekundu. Mke akalifungua, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu, hili la kijani!"

Kisha kicheko kikamkauka. Mumewe alikuwa anaendesha boti ya abiria, na giza likishaingia boti hujulikana kwa taa tu: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani wa kulia, nyeupe nyuma.

"Taa je, unazionaje?"

"Nyekundu na kijani kwangu rangi moja, kama chai iliyopoa," akajibu, macho chini. "Tafadhali usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo, kila safari ya mwisho ya jioni alipanda naye, akajibanza karibu na usukani. Abiria wakamtania, "Mama, unamlinda asiibiwe?" Naye anacheka, huku akimnong'oneza mumewe, "Nyekundu, kulia kwetu." Yaani mwenzao anawakatia njia, wampishe. "Kijani, kushoto." Waendelee, wa kupisha ni yule. "Zote mbili." Wanakutana uso kwa uso, kata kulia. Walizaa, wakalea, wakaozesha, bado wananong'onezana.

Figo ndizo zilizomwangusha mke. Hospitalini, sauti imebaki uzi, alisema, "Baba watoto, boti uiache."

"Nitaiacha."

Akamzika. Lakini nyumba ilikuwa na ukimya wa kumtia mtu wazimu, akarudi kazini. Jioni ya kwanza, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa nyuma akikata tiketi. Mbele, upande wa kulia, ikachomoza taa.

"Rangi gani hiyo, mama?" nahodha akauliza, akageukia kiti alichozoea kukaa mkewe. Kiti kitupu.

Akazima injini. Boti kubwa ikawapita puani, wimbi likawarusha, abiria wakapiga mayowe. Shemeji akaja mbio.

"Injini imekufa?"

"Mimi ndiye nimezima. Sijui ile ni taa gani. Sijawahi kujua. Dada yako ndiye aliyekuwa akinionea."

Shemeji alimtazama. Akaketi kwenye kile kiti. "Ilikuwa nyekundu, shemeji. Washa, nitakutajia." Akamtajia mpaka gatini, na nahodha akalia njia nzima bila kujificha.

Kesho yake alirudisha ufunguo. Siku hizi anashona maboya ya kuvaa kwenye banda la gatini, na jua likianza tu kushuka anafunga mlango. Shemeji bado humwomba wapande wote jioni moja, amtajie taa.

"Asante, shemeji," humjibu, akivuta uzi. "Asante sana."