Herufi za Maji Ukutani

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na imani moja maishani, nayo haikuwa ile aliyoiimba kanisani Jumapili. Aliamini kwamba mtu ni mwandiko wake. Mwenye mwandiko mzuri ana tabia njema. Mwenye mwandiko mbaya ni mvivu, mchafu, na pengine mwizi. Alituhubiria hayo kila Jumatatu akiwa amesimama kwenye veranda, koti la sufu limefungwa vifungo vyote katika joto lile la Kisumu, jasho likimtiririka shingoni. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilifanya kazi chini yake miaka sita, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sikumbuki siku aliyosema jambo jipya.

Mimi ndiye niliyefundisha mwandiko. Siku hizi nasikia kuna majina ya kitaalamu ya watoto ambao herufi huwageukia, na kuna watu waliosomea kuwasaidia. Wakati ule jina lilikuwa moja, kichwa maji, na dawa ilikuwa moja, rula kwenye vifundo vya vidole. Ndivyo tulivyofunzwa chuoni, na mimi, msomi mzima mwenye cheti, nikachapa kama wenzangu. Sijivunii hata kidogo.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la saba. Mama yake, mtu wa Luanda Kotieno kule ziwani, aliuza omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni hapo mjini. Hesabu mtoto huyo alizifanya kichwani kabla sijamaliza kuziandika ubaoni, na habari ukimsomea mara moja, alikurudishia yote bila kukosa. Kusoma alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, lakini alifika. Mpe kalamu sasa. B iligeuka d, mstari ulipanda mlima, nibu ilitoboa karatasi, na wino ulimfika hadi kwenye kiwiko. Nilimchapa muhula mzima. Siku moja nikamwona anashindwa kufunga kifungo cha sare kwa jinsi vidole vilivyomvimba, na mwandiko wake ni ule ule wa Januari. Nikajiuliza, wewe mwalimu, dawa haiponyi, mbona unaongeza kipimo?

Basi nikaacha rula. Nikampeleka nyuma ya stoo, kwenye ukuta wa saruji unaopigwa na jua, nikampa kopo la maji na brashi ya kupakia chokaa. Aandike herufi moja kubwa kama yeye mwenyewe, kwa mkono mzima kuanzia begani, huku akiitaja kwa sauti. Uzuri wa maji ni kwamba hukauka. Alipokosea, kosa lilitoweka kabla ya mtu kupata nafasi ya kumcheka. Tulifanya hivyo kila siku wakati wa chakula cha mchana, na walimu wenzangu wakapata la kusema: eti nafundisha kuosha kuta. Waliocheka zaidi ni wale ambao darasani mwao watoto walikariri tu, kama kasuku. Baada ya miezi mitatu aliweza kuandika jina lake kwenye karatasi. Lilichukua mistari mitatu na lilipinda, lakini lilisomeka.

Sasa, mwalimu mkuu alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuandikisha watahiniwa wa mtihani wa darasa la saba, aliweka meza kwenye veranda, kila mtoto akaja mbele yake kuandika sentensi moja kwa wino. Aliyeharibu, jina lake halikuingia kwenye orodha. Na mtihani wenyewe, jamani, ulikuwa wa kuchagua jibu na kuweka alama kwa penseli! Haukumtaka mtoto aandike insha wala barua. Lakini nenda kamweleze mtu aliyefunga vifungo vyote.

Msichana aliandika. Tone la wino likaanguka katikati ya sentensi. Mwalimu mkuu akamchapa vidole mbele ya darasa zima, akaamuru nimkate kwenye orodha. Mama yake alikuwa ameshaniambia mapema: asipofanya mtihani mwaka huu, anarudi Luanda Kotieno kuanika omena na habari ya shule imekwisha. Nami nilijua mama yule hatishii.

Nikamfuata mwalimu mkuu ofisini, orodha mkononi. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyemwandikia kila kitu, barua, ripoti, hata salamu za rambirambi. Alisema mkubwa kazi yake ni mawazo. Yeye aliweka sahihi tu, sahihi ya madoido. Siku hiyo nilikuwa na hasira, nikasukuma orodha, karatasi na kalamu mbele yake. Nikamwambia aandike mwenyewe, kwa mkono wake, kwa nini mtoto huyu anakatwa.

Alikataa, akafoka, akanitisha na uhamisho. Sikuondoka. Mwishowe akaishika kalamu, akaandika maneno mawili: hajui kuandika. Nikayatazama. B hakuna mle ndani, lakini j ilielekea upande usio wake, d ilitazamana na ukuta, na mstari ulipanda mlima. Ulikuwa mwandiko wa yule msichana kabisa. Nyani haoni kundule.

Alifunika karatasi kwa kiganja.

"Mimi nilichapwa hivyo hivyo," akasema, "na nikawa mtu."

"Ukawa mtu gani?" nikamuuliza.

Alinisukumia orodha bila kunitazama, nami nikaandika jina la msichana. Huruma niliitafuta moyoni nikaikosa. Mjinga ningemsamehe. Huyu alijua vizuri rula ile inauma vipi, na alikuwa akiinyanyua kila wiki.

Msichana alifanya mtihani, akapita vizuri, akaitwa sekondari. Siku ya wazazi mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya watu wote. Akasema huyu mtoto alikuja hajui hata kushika kalamu, na nidhamu ya shule hii, pamoja na rula, ndiyo iliyomnyoosha. Mama yake alisimama, akamshukuru kwa Kijaluo, erokamano, erokamano, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Wazazi wakamwomba asiwahurumie na watoto wao.

Msichana hakumtazama yeye wala mama yake. Alinitazama mimi, akingoja niseme. Walimu wote walikuwa wanapiga makofi. Nami nikapiga.