Nyumba yetu mpya imepimwa hewa ukaa leo

Leo nimeihama nyumba ambayo hata rangi haijakauka.

Asubuhi alikuja dada mtafiti. Anapima hewa ukaa inayotokana na nyumba mpya, tangu kuchoma tofali hadi siku ya kubomolewa.

"Shikamoo mama. Matofali mlichoma kwa kuni za wapi?"

Nikamwonyesha mlima nyuma ya nyumba, tena kwa majivuno. Miti yote iliishia kwenye tanuri letu.

Akapanda kuangalia visiki. Akarudi ameacha kuandika.

"Mama, ardhi huko juu imepasuka. Mkono wangu umezama wote. Mvua ikinyesha msilale hapa."

Mume wangu akacheka. "Nyumba nimejenga mwenyewe, siihami."

Nimekuja na watoto kwa mama, Kitai. Nampigia mume wangu aliyebaki, hapokei.

Jamani mlioko kijijini kwetu Mbuji, huko mvua imeanza?