Fufu ya arusi ilitaka kuniulia ngombe

Jamani, leo asubuhi ngombe yangu ilibakia kidogo ikufe. Juu ya fufu!

Maman Furaha, jirani yangu hapa Panzi, alioza binti yake jana. Fufu, ile ugali yetu, ikabakia mingi. Akaimwaga yote mbele ya ngombe, bila kuniuliza.

Nilipofika kuikama, tumbo ilikuwa imevimba kama ngoma. Inapumua kwa shida.

Nikapigia simu veterinere, munganga wa ngombe.

"Maman, uinyweshe mafuta ya kupikia, na uitembeze. Usiiache ilale!"

Basi tukainywesha, tukapanda nayo mulima ya barabara yetu, avenue yote inatuangalia. Mvula, matope. Miye navuta kamba, Maman Furaha anasukuma nyuma, analia na anaomba Mungu kwa sauti.

Aliposema "Amina", ngombe ikatoa hewa. Ya nguvu, mbele ya watu wote! Avenue nzima ikapiga makofi.

Nilikuwa nimepanga kumugombeza. Nikakosa nguvu.

"Nilizani nakusaidia," akasema.

Tukakaa wawili chini mu matope, tunaiangalia inapumua.

Wateja wangu, leo maziwa hakuna, munisamehe.

Na weye, jirani alishakusaidia namna hii? Andika hapa chini. Nitasoma nikiamuka.